Safari ya Kwenda Kutafsiri Ubaguzi

Tangu nirudi Shinyanga sinyolewi kwa amani. Nikikaa tu kwenye kiti cha Salum kinyozi, ninyi rafiki zangu mnajaa mlangoni na swali lile lile: huko machimboni Geita, huyo mbaguzi wa rangi nilimwona? Na alikuwa wa rangi gani? Salum naye husimamisha wembe shingoni mwangu akingoja jibu. Basi naandika mara moja, msomeane, shingo yangu ipone.

Kwa mgeni atakayeishika karatasi hii: mimi ni Idi, mkalimani wa mahakama. Baba yangu alitoka pwani, mama yangu ni Msukuma wa hapa hapa, na kazi yangu ni kusimama kati ya watu wawili wasioelewana na kulaumiwa na wote wawili. Asubuhi moja niliitwa nikaambiwa kwamba kwenye mgodi mmoja mdogo upande wa Rwamgasa, ambao jina lake nitalificha kwa kuwa bado napenda kula, mwanamke muuza chakula alisimama katika mkutano wa hadhara akatoa maneno ya ubaguzi wa rangi. Mkutano wenyewe uliitishwa na serikali ya Mwingereza kuwaeleza watu habari ya baraza jipya, ambamo Wazungu, Wahindi na Waafrika watakaa meza moja kama ndugu wa tumbo moja. Mama huyo, jina lake Mama Shija, akauharibu undugu kabla haujaanza. Karani wa mgodi aliyetafsiri siku hiyo alisema kanena hivi. Watu waliokuwepo walisema la, kanena vile. Bwana Shauri wa huko, yule Mzungu wa serikali anayeamua kesi, akaomba mkalimani kutoka mbali, asiye na shangazi wala shemeji katika machimbo yale.

Mama angeonekana ana hatia, angepewa siku tatu ahame eneo la mgodi, na jiko lake livunjwe.

Nilikubali kwa moyo mweupe, kama sasa inaruhusiwa kusema mweupe. Neno ubaguzi nililijua tangu utotoni. Kwetu lilikuwa la mama wa kambo anayempa mwanawe mnofu na mtoto wa mwenzake mchuzi. Sikujua kwamba serikali imelipandisha cheo.

Shinyanga mpaka Kahama

Nilipata nafasi katika lori la Bwana Ramji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akipeleka chumvi, nguo na mafuta ya taa kwenye maduka ya njiani hadi Geita. Mbele, penye viti vya ngozi, palikuwa na nafasi tatu: ya dereva, ya Bwana Ramji, na moja tupu. Juu ya ile tupu Bwana Ramji aliweka mwavuli wake. Sisi abiria kumi na wanne tulipanda nyuma juu ya magunia ya chumvi.

Mzee mmoja mwenye goti baya aliomba kile kiti kitupu.

"Hapana, baba," alisema Bwana Ramji, kwa upole kabisa. "Labda njiani tutakuta Mzungu gari lake limeharibika. Nitamweka wapi?"

Kiti kikasafiri kitupu. Mwavuli ulifika Kahama haujachoka hata kidogo. Yule mzee alishushwa na watu wawili, na goti lilikuwa limekwisha kuwa la mtu mwingine.

Kahama tulipumzika dukani kwa binamu yake Bwana Ramji, nikaletewa chai. Bwana Ramji alipopata habari kwamba mimi ni mkalimani, na kesi yenyewe ni ya ubaguzi wa rangi, alishika mikono yangu miwili.

"Bwana Idi, waambie habari yetu," alisema, na macho yake yalilowa kweli, sitanii. "Ubaguzi tunaujua sisi. Kule Mwanza klabu ya Wazungu wananunua kwangu soda, wananunua biskuti, lakini mimi sipiti mlango wa mbele. Napita jikoni. Babu yangu alijenga reli ya nchi hii! Je, huo ni utu?"

Nikamwambia si utu. Tukanywa chai kwa huzuni, yeye katika kikombe cha kaure chenye maua, mimi katika kopo la bati lililokuwa limening'inizwa kwenye msumari nje ya mlango, pamoja na jirani yake kopo la pili.

"Hivi hili kopo ni la wageni?" nikauliza.

"La Waafrika," alisema binamu. "Ni usafi tu. Usifikirie vibaya."

Sikufikiria vibaya. Nilifikiria kwamba chai ilikuwa nzuri, na kwamba bati linaunguza midomo.

Kahama mpaka Segese

Mvua ilikuwa imetutangulia. Baada ya Kahama barabara ilishuka katika mbuga, na mnaijua mbuga yetu ya udongo mweusi: ukavu wake ni saruji, maji yake ni gundi. Lori lilizama mpaka ekseli. Tuliteremka wote, tukachimba kwa majembe ya kuazima, tukakata matawi, tukasukuma. Bwana Ramji naye alivua viatu akasukuma pamoja nasi, tope hadi magotini, na kwa saa hizo sikuweza kusema nani Mhindi nani Msukuma, maana wote tulikuwa rangi moja. Ningekuwa mwanasiasa ningehutubia palepale. Lori halikutoka.

Siku ya pili adhuhuri ikaja Land Rover ya Mzungu mmoja, sijui wa pamba au wa barabara. Ilipita kando kwa ustadi, ikasimama mbele penye ukavu. Bwana Ramji alijipangusa uso, akakimbia kuomba apelekwe Segese akalete lori la kutuvuta. Tulimwona akizungumza dirishani. Tukamwona akinyooshea kidole kiti cha nyuma. Halafu gari likaondoka, yeye akabaki amesimama na kidole chake.

Alirudi polepole.

"Amesema hakuna nafasi," alisema. "Nyuma amekaa mbwa."

Hakuna aliyecheka. Mtu akiumia, anaumia.

"Mbwa, Bwana Idi! Umeona? Andika! Huo ndio ubaguzi wa rangi!"

"Labda ilikuwa usafi," nilisema, na nikajuta papo hapo, kwa sababu hakunielewa na wenzangu walinielewa vizuri mno.

Jua lilitua, likachomoza, udongo ukakaza kidogo. Jirani wa hapo alileta ng'ombe sita, wakatuvuta bila kuuliza kabila la lori. Bwana Ramji aliwashukuru ng'ombe na mwenye nao, akanawa miguu, akapanda mbele, akauweka mwavuli kitini. Yule mzee wa goti alikuwa amebaki Kahama, laiti angeona.

Segese

Hapa sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini nimeahidi kusema yote.

Segese tulisubiri siku nzima lori lirekebishwe breki. Juu ya gunia langu la chumvi nilikuwa nimekaa tangu Shinyanga bega kwa bega na Mrundi mmoja aitwaye Yohana, aliyekuwa akirudi mgodini kuweka nguzo za miti chini ya ardhi. Alikuwa mtu mkimya, mwenye vidole vinene, na pale tulipokwama alisukuma kuliko sisi wote. Mchana huo alipika chini ya kivuli cha ukuta wa duka. Harufu ilikuwa nzuri. Akaniita.

"Karibu, Bwana Mkalimani. Chakula kinatosha."

Aliweka sahani moja, kubwa, na vijiko havikuwepo. Nikamtazama vidole. Sasa nisikilizeni vizuri: mimi si mbaguzi. Nimekula na watu wa kila namna. Lakini Warundi, mnajua wanavyosemwa hapa mjini, kwamba hawanawi, kwamba ni manamba tu, na mimi nilikuwa nimevaa shati la kazi la serikali. Nikatafuta neno la adabu.

"Ahsante sana ndugu yangu," nilisema. "Ila mimi ni Mwislamu."

Yohana alitazama sahani, kisha akanitazama.

"Haya ni maharage," alisema.

Akaisogeza sahani karibu yangu.

"Maharage hayachinjwi, bwana."

Nikatafuta uongo wa pili, mimi niliyelipwa kwa maneno. Nilisema tumbo langu pia si zuri, nikaenda kununua mkate mkavu kama kigae, nikautafuna nyuma ya lori nikimsikia Yohana akila peke yake, bila haraka. Nimefanya kazi ya kuapisha watu kwa miaka mingi. Sijawahi kusikia uongo ulioanguka vibaya kama ule wangu.

Kesho yake tulipopanda nilimpa karanga za kukaanga, mfuko mzima. Alizichukua, akapuliza maganda, akaniuliza mbele ya abiria wote:

"Hizi umezichinja?"

Walicheka mpaka dereva akasimamisha lori kuuliza kuna nini. Nilicheka nami, kwa kuwa ningefanyaje. Tukala karanga kutoka mkononi mwake, ule ule wenye vidole vinene, hadi zikaisha. Sijafa. Lakini msinipe sifa. Nilihitaji siku moja na aibu moja kuufikia mkono ambao nilikuwa nimeuegemea tangu Shinyanga.

Mgodini

Bwana Ramji alitushusha njia panda, na mgodini tulifika kwa miguu. Yohana aliniaga akaenda kambini kwake. Mimi nilipokelewa na karani, Gervas, kijana mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni na uso wa mtu asiyelala. Ndiye aliyetafsiri siku ya mkutano.

Alinipeleka nyuma ya stoo, akatazama huku na huku.

"Kaka, nisaidie," alisema. "Yule mama hakusema nilivyosema."

"Alisema nini?"

"Aliuliza swali. Alisema: mnataka tukae nanyi meza moja barazani, vizuri, mbona huku mgodini kila rangi ina..." Akameza mate. "Kila rangi ina kile chumba chake."

"Chumba gani?"

"Kile. Cha haja."

"Choo?"

Akanishika mdomo. "Memsahibu alikuwa amekaa mstari wa mbele! Mke wa meneja, na glavu nyeupe! Mimi nimesomeshwa na mapadri, kaka. Ningelitamkaje neno hilo mbele yake? Nikasema 'mahali'."

"Ukasema kila rangi ina mahali pake."

"Ndivyo ilivyotoka kwa Kiingereza, na swali likaanguka njiani," alisema Gervas kwa sauti ndogo. "Nikaona Bwana Shauri amekuwa mwekundu. Aliandika. Mtu akishaandika utamrudishaje?"

Basi huo ndio ubaguzi niliosafiri siku sita kwenda kuutafsiri. Mwanamke aliuliza kwa nini watu wametengwa. Kwa sababu ya adabu, ikaonekana yeye ndiye anayetaka watengwe. Nilitaka kucheka, lakini Gervas alikuwa na watoto watano, na alinitajia majina yao yote, mmoja baada ya mwingine, akikunja vidole.

"Ukisema kweli kesho, mimi sina kazi," alisema.

"Na nisiposema, yule mama hana jiko."

Aliendelea kukishika kidole cha mtoto wa tano.

Nikaenda kula kwa Mama Shija. Jiko lake lilikuwa kibanda cha nyasi karibu na lango, benchi mbili, vyungu vitatu. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, wa makamo, mwenye pengo moja la jino ambalo alilitumia kupitishia dharau.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, maana jua lilikuwa limepinduka.

"Mwadila, baba. Habali ya safali?"

"Nzuri, mama. Mimi ndiye mkalimani wa kesho."

"Najua. Umechelewa siku tatu. Kaa."

Nikaanza kumuuliza habari ya yale maneno. Akaniwekea ugali na samaki, akaniziba mdomo kwa mkono.

"Nikikwambia sasa, kesho utatafsiri ya leo. Kula kwanza. Kesho nitasema, na wewe utasema, na tutaona nani ana meno."

Benchi zilijaa Wasumbwa, Warundi, Waha, na dereva mmoja Mwarabu, wote wakigombania chumvi moja. Nikawaza: huyu ndiye mbaguzi wetu. Kisha akaja Mzinza mmoja, Mama Shija akamwonyesha mwisho wa benchi, mbali na moto.

"Wazinza hawakai karibu na chungu changu," alinieleza, bila kushusha sauti. "Wana dawa."

Nikaendelea kula.

Barazani

Shauri lilisikilizwa asubuhi chini ya banda la bati. Bwana Shauri alikuwa kijana, mpole, mwenye shingo iliyoungua na jua, na sitamsema vibaya bila sababu: alisimama mwenyewe kumpa Mama Shija kiti. Pembeni yake alikaa meneja wa mgodi, na kando ya meneja, memsahibu na glavu zake. Watu wa kambi walijaa hadi nje. Gervas alisimama nyuma ya nguzo, akiwa mwembamba kuliko nguzo.

Bwana Shauri alianza kwa kutufafanulia neno. Ubaguzi wa rangi, alisema, ni kumtazama mtu kwa rangi yake badala ya utu wake. Na serikali haitauvumilia, uwe wa nani. Nilitafsiri kwa Kiswahili na Kisukuma, na nawaambia kweli nililipenda lile neno. Sijasikia lililonyooka zaidi. Kisha akafungua fomu, akaniuliza:

"Mkalimani. Jina?"

"Idi."

"Rangi?"

Nikadhani sikusikia. Akarudia, kwa subira: Mwafrika au Mwarabu? Nikamweleza habari ya baba na mama. Akasema pole, fomu ina nafasi moja tu. Akaandika kitu, hadi leo sijui mimi ni nani.

Mama Shija akaambiwa arudie maneno yake, yale yale. Akasimama. Akayasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kuuzia samaki, na lile neno lenyewe akalitamka wazi, bila kulifunika hata kwa kanga. Waliojua Kisukuma waliguna. Kisha kila mtu akanigeukia mimi.

Nilimwona memsahibu amekunja glavu zake. Nilimwona Gervas ameshika kidole kimoja. Ninyi mnaniona hapa ninavyotania, lakini mkate wangu nao unatoka mkono ule ule unaompa Gervas wake.

"Anasema," nilisema kwa Kiingereza, "mnatuita tukae nanyi meza moja katika baraza. Ni vizuri. Lakini mbona hapa mgodini kuna choo cha Wazungu, choo cha Wahindi na choo cha Waafrika? Kama tunaweza kutawala pamoja, kwa nini hatuwezi kwenda choo pamoja?"

Nikaongeza, maana ulimi ulikuwa umekwisha kutoka: "Bwana karani siku ile alitafsiri kwa adabu. Alificha lile neno kwa heshima ya mwanamke aliyekuwepo."

Memsahibu aliangua kicheko. Alikuwa wa kwanza. Alicheka mpaka akavua glavu kujifuta macho, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomwokoa Gervas. Meneja hakucheka.

"Vyoo si ubaguzi," alisema meneja. "Ni mpango wa afya. Hakuna mtu hapa aliyekuwa akifikiria rangi mpaka huyu mwanamke alipoitaja. Anayetaja rangi ndiye mbaguzi."

Nikatafsiri. Mama Shija alisikiliza mpaka mwisho.

"Muulize," alisema, "vile vibao viliandikwa na nani?"

"Viliandikwa na fundi rangi," alisema meneja, akifurahi kwamba ameulizwa jambo rahisi. "Naye ni Mwafrika."

Banda zima likapasuka. Hata Bwana Shauri aliinamisha kichwa chini ya meza kana kwamba anatafuta kalamu, na kalamu alikuwa nayo. Alipoinuka alisema shauri haliwezi kuamuliwa bila kuona mahali panapobishaniwa.

Ndivyo ilivyotokea kwamba serikali, mgodi, memsahibu na watu kama mia hivi tuliandamana jua la saa nne kwenda kutazama vyoo.

Vilikuwa vitatu mstari mmoja. Cha kwanza cha matofali, chenye mlango uliopakwa rangi ya kijani na ubao mpana: WAZUNGU. Cha pili cha bati, na mlango wa bati: WAHINDI. Cha tatu kilikuwa kuta tatu za matete na ubao mpana kuliko zote, WAAFRIKA. Mlango hakikuwa nao. Ukisimama barabarani uliweza kuona ndani mpaka ukuta wa nyuma.

Hapo Mama Shija alisema maneno ambayo hakuyasema mkutanini, wala hakuniambia mimi, na sauti yake haikuwa ya samaki tena.

"Waambie mimi sina haja ya kukaa na Wazungu. Sikuwaota. Sisi wanawake tunaopika hapa tuko tisa. Wanaume wanapotoka shimoni wanapita njia hii. Tunangoja tangu alfajiri mpaka waingie tena chini, hata mwenye mimba anangoja. Nimeomba mlango mwaka mzima, nikaambiwa mbao ni za mgodi. Waliposema sasa sote ni ndugu, nikafikiri, haya, ndugu hanyimwi mlango."

Nilitafsiri. Nilitafsiri polepole, na sikuhitaji kuongeza kitu. Memsahibu aliacha kucheka. Alimtazama mumewe kwa namna ambayo haihitaji mkalimani.

Kuondoka

Hukumu ilisomwa siku ya pili, na mimi nilisaidia kuiandika. Mama Shija hakuonekana na kosa la ubaguzi wa rangi. Alionywa kwa kutumia lugha isiyofaa hadharani. Karani Gervas hakuonekana na kosa, kwa kuwa kosa lake lilikuwa adabu, ila alihamishiwa stoo, penye sururu na koleo, vitu visivyohitaji kutafsiriwa. Mgodi nao haukuonekana na ubaguzi wowote, lakini kwa kuondoa dhana mbaya ukashauriwa ung'oe vibao vyote vitatu.

Viling'olewa siku hiyo hiyo, mbele ya Bwana Shauri, ambaye aliweka tiki kwenye fomu yake na kuondoka akiwa na furaha ya haki. Mimi nilingoja lori siku mbili zaidi. Asubuhi ya kwanza choo cha matofali kilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao meneja. Adhuhuri, choo cha bati nacho kikapata kufuli, ufunguo kwa mhasibu wa Kihindi. Sasa hapakuwa na rangi yoyote iliyoandikwa mahali popote. Kufuli haisemi mtu ni nani. Inangoja tu aje bila ufunguo.

Vile vibao vitatu vilitupwa nyuma ya karakana. Seremala wa mgodi alikuja kula kwa Mama Shija, akasikia habari ya mlango, akasema mbao zilizotupwa si mbao za mgodi. Alizipigilia pamoja kwa misumari, akatafuta bawaba mbili kuukuu, na jioni kabla jua halijazama choo cha tatu kilikuwa na mlango. Hakugeuza maandishi ndani. Alisema mbao zilikuwa nzuri zaidi upande ule. Kwa hiyo ukifungwa, aliye nje anasoma kutoka juu hadi chini WAZUNGU, WAHINDI, WAAFRIKA, na mchanganyiko huo, kwa ninavyojua, ndio baraza la kwanza la rangi tatu lililokaa pamoja katika wilaya ile bila kugombana.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga Mama Shija. Jiko lilikuwa na moto, vyungu vinachemka, mwenyewe hayupo. Ilikuwa saa tano, wanaume wa zamu ya asubuhi wakitoka shimoni kwa makundi, wakipita njia ile wakiwa wamejaa vumbi jeupe. Wanawake wawili walikuwa wamesimama karibu na choo, wakizungumza kwa sauti, bila kujificha. Lori lilipiga honi langoni.

"Mama Shija yuko wapi?" niliwauliza.

Mmoja akanyoosha kidole kuelekea mlango. Ulikuwa umefungwa.

"Mama!" niliita. "Naondoka! Lori linaniacha!"

"Subili!" ilijibu sauti kutoka ndani, shwari kabisa, ya mtu asiye na haraka na dunia.

Honi ililia tena, ndefu. Wachimbaji walipita, hakuna aliyegeuza shingo.

Nikasubiri.